Sanduku la chuma la kuhifadhia risasi nyumbani: kazi ya fundi wa Dodoma baada ya misimu miwili ya mvua

Sanduku ninalolizungumzia hapa halikununuliwa dukani. Lilitengenezwa kwa oda na fundi wa kuchomelea wa hapa Dodoma mjini, kwa pleti ya milimita 3, likiwa na urefu wa sentimita 60, na gharama yake yote, pamoja na rangi, kufuli na kulifunga ukutani, ilikuwa shilingi 210,000. Ninamiliki kwa kibali shotigani moja ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) kwa ajili ya zizi langu lililoko upande wa Chamwino, na akiba yangu haizidi boksi tatu za risasi 25 kila moja. Mwenye bastola tu, au mwindaji mwenye risasi za aina nne, atalazimika kubadilisha vipimo nitakavyovitaja.

Kabla ya hapo risasi zangu zilikaa ndani ya tranka la bati nililolitumia nikiwa shule ya bweni, chini ya mablanketi, likiwa na kufuli dogo ambalo mtoto wa darasa la sita angeweza kulifungua kwa msumari. Kila niliponunua boksi jipya nililiweka juu ya yale ya zamani, na kila nilipohitaji risasi nilichukua za juu. Kwa namna hiyo boksi la chini kabisa lilikaa miaka mingi bila kuguswa. Nililifikia usiku mmoja wa mwezi Machi, fisi wakiwa wanazunguka zizi, na risasi ya kwanza niliyoifyatua ililia "tik" basi. Nilisimama nimeelekeza mtutu kwenye kichuguu kisicho na mtu wala mnyama, nikahesabu polepole hadi 60 kabla ya kuifungua bunduki, kwa sababu fataki, kile kidude cha kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti, ikichelewa inaweza kuiwasha baada ya sekunde kadhaa, na aliyeharakisha kuchungulia ndiye anayeumia. Asubuhi nilizimwaga mezani na kuziangalia moja moja. Maganda ya plastiki yalikuwa mazima, lakini vitako vyake, ambavyo katika risasi nyingi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa shaba kwa juu tu, vilikuwa na madoa ya kutu, na karibu na fataki kutu ilikuwa imechimba vishimo. Nilizihesabu, nikazipeleka kituo cha polisi. Risasi mbovu haitupwi chooni wala jalalani, haizikwi, na haichomwi moto.

Ndipo nilipochora sanduku. Kwa ndani limegawanywa kwa kipande cha bati kinachosimama katikati, na kufanya njia mbili ndefu zinazolingana, kila moja ikiwa na upana wa kutosha boksi moja la risasi. Boksi jipya huingizwa upande wa kulia na kuyasukuma yaliyotangulia kuelekea kushoto, na risasi za kutumia hutolewa kushoto peke yake. Upande wa kulia wa kila njia fundi alichomelea kizuizi kifupi ambacho mkono unaweza kupitisha boksi juu yake unapoingiza, lakini si rahisi kulivuta litoke upande huo. Wauza maduka ya dawa wanaufahamu utaratibu huu, kwa kuwa dawa inayokaribia kuisha muda ndiyo hupangwa mbele. Tofauti ni kwamba mimi simwamini mtu aliyeamshwa saa nane ya usiku kukumbuka utaratibu, akiwemo mwenye sanduku, na kwa hiyo nilitaka chuma chenyewe kikumbuke kwa niaba yake.

Fundi alikuwa na mawazo yake. "Mzee, nikuwekee mpira kwenye mfuniko, hata hewa isipite," aliniambia, na alishangaa nilipokataa. Sababu yangu ni moto. Risasi inayolipuka kwa joto ikiwa nje ya mtutu haina nguvu ya ile iliyofyatuliwa, kwa kuwa hakuna kinachoibana, na mara nyingi ganda hupasuka na kurusha vipande kwa umbali mdogo. Lakini ukizifungia katika pleti nene iliyozibwa kabisa, gesi ya baruti haina pa kutokea, na sanduku lenyewe ndilo linalogeuka kuwa bomu. Tulikubaliana mfuniko ukae vizuri juu ya kingo bila mpira. Alinielewa upesi, na kwa hilo ninampa alama kamili, maana mafundi wengine husikiliza mchoro kwa adabu halafu hutengeneza walichozoea.

Mahali pa kuliweka palinisumbua kuliko sanduku lenyewe. Watu wa Dodoma tuna tabia ya kudhani kwamba kwa kuwa mji wetu ni mkavu, hatuna adui. Ni kweli kwamba mvua zetu hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine vumbi ndilo tatizo. Hata hivyo joto la siku huachana sana na ubaridi wa usiku, hasa Juni na Julai, na chuma kilichogusana na ukuta wa nje hupoa haraka kiasi kwamba hewa yenye unyevu ikiingia huacha matone. Nilining'iniza kipimajoto juu ya dari, chini ya bati, mchana wa mwezi Novemba, kikasoma nyuzi 46. Siku hiyo hiyo ndani ya kabati la chumba chetu cha kulala, kwenye ukuta wa katikati ya nyumba, kilisoma 28. Joto la kudumu huharibu baruti polepole, kwa kuwa kemikali inayowekwa kuituliza huisha mapema, na baruti ikishafikia hapo haitabiriki tena. Sanduku sasa limefungwa kwa boliti nne kwenye ukuta huo wa katikati, sentimita 40 kutoka sakafuni, mbali na jiko na mtungi wa gesi. Bunduki yenyewe inakaa chumba kingine, kwa kufuli nyingine na ufunguo mwingine.

Kuhusu unyevu, ninaweka ndani vifuko viwili vya silika jeli ya rangi ya buluu, ambayo hugeuka kuwa ya waridi inaposhiba maji. Msimu wa kwanza wa mvua viligeuka baada ya wiki saba, na wa pili baada ya wiki tano, jambo ninalolihusisha na kuufungua mfuniko mara nyingi zaidi. Chembechembe hizo hukaushwa kwa joto la kiasi na kutumika tena, ila sufuria ya kazi hiyo isirudi kupikia ugali. Risasi zote zimebaki katika boksi zake za karatasi za kiwandani, kwa sababu boksi ndilo linalobeba geji, urefu wa ganda, ukubwa wa marisau (zile golori ndogo za ndani ya risasi) na namba ya toleo. Juu ya kila boksi ninaandika kwa maka peni mwezi na mwaka wa kununua. Sipaki mafuta yoyote. Yale mafuta mepesi ya kulegeza kutu, ambayo kila gereji inayo, yanaweza kupenya pembeni ya fataki na kuiua. Mkanda wa ngozi wenye vishikio vya risasi, ambao wazee wetu walipenda kuutundika ukutani, nao ni wa kuvaa, si wa kuhifadhia, kwa kuwa ngozi hutoa kemikali zinazofanya shaba iote kutu ya kijani.

Shemeji yangu ana shotigani ya geji 20 na aliomba njia moja ya sanduku iwe yake, kwa kuwa boksi zangu zinatosha katika njia moja. Nilimkatalia. Kibali chake kina jina lake, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezi na risasi zilizo mikononi mwa mtu ambaye hazikuandikwa kwake. Ipo pia sababu ya kiufundi inayonitisha zaidi ya sheria. Risasi ya geji 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya geji 12, ikiingizwa kwa bahati mbaya katika bunduki ya geji 12 huteleza ndani ya mtutu na kukwama, na kwa kuwa chemba inaonekana tupu, mtu huweka ya geji 12 nyuma yake. Akifyatua, mtutu unaweza kupasuka karibu na mkono unaoushikilia. Watengenezaji wengi hulipa ganda la geji 20 rangi ya njano kwa sababu hiyo, lakini gizani rangi hiyo na nyingine hufanana.

Sasa kasoro, ambazo hazikosekani. Kufuli lililokuja na sanduku lilikuwa jepesi mno kwa pleti nene namna ile, na baada ya miezi minne lilianza kufunguka kwa kutikiswa. Fundi aliahidi kulibadilisha "kesho", na kesho hiyo ilidumu wiki tatu, hadi nikanunua lingine mwenyewe kwa shilingi 35,000. Bawaba zilichomelewa kwa nje, hivyo mwenye grenda angeweza kuzikata bila kugusa kufuli. Nilimrudishia, akaongeza kwa ndani vipande viwili vya nondo vinavyoingia chini ya ukingo mfuniko unapofungwa, na hakunidai kitu. Kosa kubwa zaidi ni langu. Nilipima boksi la risasi nikaona sentimita 11, nikamwambia atengeneze njia za sentimita 11 kamili. Karatasi ikinyonya unyevu huvimba kidogo, na Februari mwaka huu boksi moja lilikwama katikati ya njia hata nikalazimika kulichana na kutoa risasi kwa vidole viwili, moja baada ya nyingine.

Kwa kazi ya kuchomelea ninampa fundi nyota nne kati ya tano; ile moja ameikosa kwa sababu ya kufuli. Anayetaka kuagiza la namna hii aombe njia za sentimita 12.5, bawaba za ndani, rangi ya mafuta ikauke wiki mbili kabla ya kuweka chochote, kwani la kwangu lilinuka hadi Krismasi, na anunue kufuli mwenyewe kabla hata ya kwenda kwa fundi, ili tundu la komeo litobolewe kwa kipimo cha kufuli hilo.