Uzoefu wangu: Shopify na WooCommerce kwa anayeuza bila kushika mzigo

Kama unauza bidhaa ambazo haziko nyumbani kwako wala stoo kwako, programu ya duka la mtandaoni ichague kwa maswali mawili: hela ya mteja inaingiaje, na oda inamfikiaje mwenye mzigo. Rangi za duka, mabango na mapambo yanarekebishika baadaye. Mimi nilianza na Shopify, nikahamia WooCommerce na ndiko niliko mpaka sasa, kwa hiyo nitaeleza ninachokijua kwa upande wa mtu anayeuzia Tanzania, wateja wake wanalipa kwa simu na mzigo wake uko Kariakoo.

Nauza vyombo vya jikoni na vifaa vidogo vya umeme: blenda, birika za umeme, hotpoti, mizani ya keki. Vyote viko kwa wauzaji wa jumla. Mimi naweka picha na bei, mteja anaagiza, bodaboda anapita Kariakoo kuchukua na kupeleka Mbagala au Tegeta. Wa mikoani tunampandishia kwenye basi. Wengi wakisikia dropshipingi, yaani kuuza mzigo ulio kwa mwingine, wanafikiria lazima mzigo utoke China hadi mlangoni kwa mteja. Kwa soko letu hilo ni gumu: mteja anasubiri wiki kadhaa, kisha kodi za forodha zinamkuta wakati alishajua bei ya mwisho. Na mara nyingi bidhaa ileile imeshashuka na kontena, inauzwa Kariakoo.

Ubaya wa mzigo wa Kariakoo ni kwamba mteja naye anaijua Kariakoo. Huwezi kupandisha bei utakavyo. Hapo ndipo Shopify iliponishinda, ingawa naipenda kama programu.

Shopify ni ya Canada, ilianza Ottawa mwaka 2006, na waanzilishi wake walianza kwa kuuza wenyewe mbao za kuteleza kwenye theluji kabla ya kugeuza programu ya duka lao kuwa biashara. Unaiona hiyo unapoitumia. Kila kitu kiko pale mkono unapokitarajia. Hushughuliki na seva (kompyuta inayobeba duka mtandaoni), husasishi chochote, na siku tangazo lako likishika kasi duka halianguki. Mtu asiyejua chochote cha kompyuta anaweza kufungua duka linaloeleweka bila kumwita fundi.

Sasa tuje kwenye hela. Kwa bei ya Marekani mpango wa Basic ni dola 39 kwa mwezi, au 29 ukilipia mwaka mzima. Hiyo inabebeka. Kinachouma ni kwamba mfumo wao wa malipo, Shopify Payments, haupo Tanzania, Kenya wala Uganda. Ukitumia kampuni nyingine kupokea malipo, Shopify wanakata asilimia 2 ya kila mauzo kwenye mpango huo, juu ya makato ya kampuni yenyewe ya malipo. Piga hesabu ya blenda ya 85,000 ambayo kwa jumla naipata 72,000. Faida ni 13,000. Asilimia 2 ni 1,700. Tuseme kampuni ya malipo inakata asilimia 3, hiyo ni 2,550. Jumla 4,250, karibu theluthi ya faida yangu, na bado sijalipia tangazo wala bando. Makato yanahesabiwa kwenye bei nzima, wakati chako ni ile tofauti tu. Anayetengeneza sabuni zake mwenyewe na kupata nusu ya bei kama faida hataihisi asilimia 2. Sisi tunaouza mzigo wa wengine tunaihisi kila jioni.

Haki isemwe: mteja akilipa taslimu anapopokea mzigo, Shopify hawakati hiyo asilimia. Kama wateja wako wote ni wa Dar na wote wanalipa mlangoni, hesabu inabadilika kabisa, na ningekuambia ubaki Shopify. Lakini mimi sitaki kulipwa mlangoni kwa kila oda. Mteja asipopokea simu, bodaboda kashaenda na kurudi, na nauli hiyo ni yangu.

WooCommerce ni plagini, yaani kipande cha programu cha kuongezea, ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Ilitoka 2011, ikitengenezwa na WooThemes, kampuni yenye mizizi Cape Town, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Automattic. Ni programu huria: kuipakua ni bure na haina asilimia inayokata kwenye mauzo yako. Unalipia seva, domeini yako (jina la duka mtandaoni), na fundi pale unapokwama. Kukwama kupo.

Kazi ya kwanza ni ukurasa wa malipo. Sarafu ya TZS ipo, ila kwa kawaida bei zinatokea na desimali mbili, 85,000.00, na mteja anayesoma haraka kwenye simu ndogo anaweza kuona milioni nane na nusu. Nenda kwenye mipangilio, weka desimali sifuri. Kisha punguza fomu. Fomu ya asili inamdai mteja mtaa, mji, mkoa, postikodi na barua pepe. Nani anaikumbuka postikodi yake? Mimi nimebakiza jina, namba ya simu, mkoa, na nafasi moja ya kueleza mahali: "karibu na msikiti, geti la bluu, uliza kwa Mama Neema". Bodaboda anafika kwa maelezo hayo kuliko kwa anwani yoyote. Maneno yote ya ukurasa huo niliyageuza Kiswahili kwa plagini ya bure iitwayo Loco Translate.

Jingine linalowasumbua wengi: tangu toleo la 8.3 la mwishoni mwa 2023, duka jipya linakuja na ukurasa wa malipo uliojengwa kwa bloku, vipande vya kupanga ukurasa vya WordPress. Plagini nyingi za malipo ziliandikwa kwa ukurasa wa zamani. Unaisakinisha, unaiwasha, unaambiwa kila kitu kiko sawa, lakini kwa mteja njia ya malipo haionekani. Watu wanaishia kuilaumu kampuni ya malipo. Rudisha ukurasa wa zamani kwa kuweka msimbo wake mfupi (shortcode) mahali pa bloku, na njia ya malipo itajitokeza.

Malipo yenyewe nayapokea kupitia kampuni moja inayokusanya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa na kadi kwenye mlango mmoja. Ziko kadhaa nchini zinazofanya kazi hiyo. Mteja anaandika namba yake, simu inaleta ujumbe wa kuweka PIN, anathibitisha. Ikifanya kazi, ni raha tupu. Plagini niliyotangulia kutumia ilikuwa inachelewa kuliarifu duka kwamba hela imeingia, na hapo nikakutana na jambo ambalo kila anayetumia WooCommerce kwa malipo ya simu alijue. Ukiwasha usimamizi wa stoku, kuna kisanduku cha dakika za kumshikia mteja bidhaa kabla hajalipa, na kwa kawaida kimeandikwa 60. Saa moja ikipita bila duka kupata taarifa ya malipo, oda inafutwa yenyewe. Mteja wa Kigamboni ana ujumbe wa M-Pesa kwamba hela imetoka, mimi kwenye skrini naona oda yake imefutwa, na mwenye mzigo hajui lolote. Dawa ni kukiacha kisanduku kile kitupu. Oda ambazo hazijalipiwa zitabaki zinasubiri, nami nazipitia kwa macho na kuzilinganisha na taarifa za kampuni ya malipo.

Swali la pili, oda inamfikiaje mwenye mzigo, ndilo lililonifanya niipende WooCommerce hasa. Plagini za dropshipingi zilizo nyingi zinamtumia msambazaji barua pepe. Muuzaji wangu wa jumla wa Kariakoo hafungui barua pepe. Anafungua WhatsApp, tena mara nyingi anajibu kwa sauti: "Dada yangu, nyeusi zimeisha, zimebaki za kijani, nikupe?" Kwa sababu WooCommerce ni huria, fundi aliniwekea kitufe kwenye kila oda. Nikikibonyeza, WhatsApp inafunguka kwa namba ya mwenye mzigo, ujumbe umeshaandikwa: bidhaa, rangi, idadi, namba ya oda, na jina la bodaboda atakayekuja. Hakuna gharama ya kila mwezi kwenye kitufe hicho.

Angalia nisichokiweka kwenye ujumbe ule. Namba ya simu ya mteja haimo, wala bei niliyouzia. Sababu moja ni ya kibiashara, na kila dalali anaielewa. Nyingine ni ya kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Tanzania tangu Mei 2023, na mteja alikupa wewe namba yake ili umfikishie blenda, hakukupa uisambaze Kariakoo nzima. Plagini nyingi za dropshipingi zimejengwa kwa msambazaji anayepeleka mzigo mwenyewe, kwa hiyo zinamtumia kila kitu cha mteja. Kabla ya kuwasha yoyote, jitumie oda ya majaribio uone inachotoa.

Stoku bado inanipa kazi. Hakuna programu itakayojua kwamba muuzaji wa jumla ameuza birika zote asubuhi kwa mtu wa Kahama. Ninachofanya ni kuomba orodha kila asubuhi, naiandika kwenye jedwali, na kuipandisha dukani kama faili la CSV, jedwali la maandishi matupu. WooCommerce inalinganisha bidhaa kwa namba ya SKU, yaani namba ya utambulisho unayoipa kila bidhaa, na kusasisha zilizopo bila kuziandika mara mbili. Namba zangu za SKU zinaanza na herufi za duka la jumla, hivyo nikiziona tu najua mzigo uko kwa nani. Shopify nayo inapokea CSV, ila inatambua bidhaa kwa ile anwani yake fupi ya kwenye kiungo, na kwa mtu mwenye wasambazaji wengi nimeona ni taabu zaidi.

Upande wa seva, usinunue ya bei ya chini kabisa. WooCommerce inashauri WordPress ipewe kumbukumbu ya angalau MB 256, na vifurushi vingi vya bei poa haviko tayari kwa hilo. Kampuni ya kwanza niliyopangisha ilikuwa inazimisha duka langu kila tangazo likiwaka, kisha wananiambia nipunguze plagini. Nilihama. Punguza na picha: picha ya megabaiti tatu kutoka kwa msambazaji inamla mteja bando, naye anaondoka kabla haijafunguka. Na ukitumia plagini ya kuhifadhi kurasa ili duka liwe jepesi, hakikisha kapu na ukurasa wa malipo haviguswi, la sivyo mteja mmoja anaweza kuoneshwa kapu la mwingine.

PrestaShop na OpenCart nazo ni huria na nilizipitia kidogo. Ni programu nzuri, ila kumpata fundi wa WordPress Dar ni rahisi mno kuliko kumpata wa hizo, na mimi sitaki biashara yangu imtegemee mtu mmoja. Magento, ya Adobe tangu 2018, ni ya maduka makubwa yenye timu yake ya kompyuta.

Anayetaka kuuza Marekani kwa mzigo wa China namshauri tofauti. Huko Shopify inafaa, maana ina plagini tayari za AliExpress, soko la mtandaoni la China, kama DSers, ingawa kumbuka Oberlo, iliyokuwa ya Shopify yenyewe na iliyotumiwa na watu wengi sana, ilifungwa Juni 2022 na wenye maduka wakalazimika kuhama. Tena vifurushi vya chini ya dola 800 vilivyokuwa vinaingia Marekani bila ushuru vimekoma: vya China tangu tarehe 2 Mei 2025, na vya nchi nyingine tangu tarehe 29 Agosti mwaka huohuo. Mafunzo mengi ya dropshipingi yanayozunguka mtandaoni yalirekodiwa kabla ya hapo, na bei zake hazishiki tena.

Jaribio ninalomshauri kila mtu, kabla hajalipia mwaka wa chochote, ni hili. Weka bidhaa ya shilingi 1,000, inunue kwa simu ya kawaida ukiwa kwenye bando, kisha irudishe. Kwenye WooCommerce utaona kitufe cha kurejesha kwa mkono. Hicho kinaandika tu kwenye vitabu kwamba umerejesha, hela yenyewe unaituma wewe. Kama plagini ya kampuni yako ya malipo haina namna ya kurejesha moja kwa moja, basi kila mzigo ukirudi utakuwa unatuma kwa simu yako na makato ya kutuma ni yako, na hayo yaingize kwenye bei mapema.