Mvinyo mwekundu wa moto, na kaunta isiyotaka kusikia

Kuna sehemu hapa Dodoma wanauza huduma ya kuonja mvinyo: elfu thelathini, glasi nne, na mhudumu wa kukueleza unachokunywa. Jina lao naliacha. Bei haina shida. Shida ni glasi ya tatu, mvinyo mwekundu wa aina ya zabibu iitwayo Makutupora, iliyotoka kwenye chupa iliyosimama juu ya kaunta saa nane mchana, chini ya bati, msimu huu wa jua kali kabla mvua hazijaanza. Ilikuwa ya moto. Ukishika glasi, unasikia joto kiganjani.

Nikamwomba mhudumu aiweke chupa kwenye ndoo ya barafu kidogo tu. Barafu ilikuwepo, soda zilikuwa zimelala humo humo. Akanijibu: "Dada, waini nyekundu haipozwi. Wanaojua waini wanajua hilo." Akanipa mgongo.

Hapana, mdogo wangu. Kanuni ya kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba imetoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe ambazo chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma mchana wa kiangazi kinafika 30. Kwenye joto hilo pombe inapanda haraka na kukupiga puani kabla hujanusa tunda, uchachu unafifia, na kama mvinyo una sukari, kama inavyotengenezwa mingi ya Makutupora, utamu unabaki peke yake mdomoni, mzito kama sharubati iliyosahauliwa juani. Zabibu haina kosa hapo.

Dawa yake ni nyepesi. Jaza ndoo nusu barafu, nusu maji, chupa izame hadi mabegani. Maji ni lazima, kwa sababu barafu tupu inagusa chupa sehemu chache tu. Robo saa hadi dakika ishirini inatosha kuishusha hadi 16 au 17. Kwenye friji itachukua zaidi ya saa nzima. Usipitilize: mwekundu ukishuka chini ya 12 unafunga harufu, na ukakasi unaotoka kwenye maganda na kokwa unakamata ulimi. Syrah, aina nyingine ya zabibu nyekundu yenye ukakasi mwingi kidogo, inaonyesha kosa hilo haraka kuliko Makutupora.

Nilikuwa nimeamua kuandika "msiende" na kuishia hapo. Ila haki ni haki, glasi ya pili ilikuwa nzuri mno. Chenin Blanc, mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, imetoka moja kwa moja chini kabisa ya friji. Inanukia pera na ganda la limau, halafu nyuma inakuja asali kidogo, na uchachu wake umenyooka hadi unapomeza. Asili ya zabibu hii ni bonde la Loire, Ufaransa, na Afrika Kusini wanailima kuliko nchi yoyote, lakini hata Dodoma imepata makazi. Sababu ni moja: hata jua likiwa kali, inaiva bila kupoteza uchachu wake wote. Kwa sehemu iliyo nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, wakati mashamba mengi ya mvinyo duniani yako kati ya nyuzi 30 na 50, sifa hiyo ndiyo inayookoa mvinyo mweupe usiwe maji matamu. Aliyeutengeneza huo anajua kazi. Kwa ajili yake nikasema moyoni, basi, waende, wanywe mweupe.

Nikauliza ni wa mavuno gani. Swali hilo hapa kwetu lina maana kuliko mwaka ulioandikwa kwenye lebo, maana mzabibu wa Dodoma haulali kwa baridi kama wa Ulaya. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa, na miezi minne hivi baadaye anavuna, mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kuzunguka Machi yanakutana na mvua: punje zinanywa maji, sukari inashuka, ukungu unaingia, na wengi wanachuma mapema kwa hofu ya kuoza. Yale ya Agosti na Septemba yanaiva kwenye ukavu, baada ya usiku wa baridi wa Juni na Julai, na mara nyingi ndiyo bora. Jibu nililopata: "Zabibu ni zabibu."

Hapo hasira ikarudi yote. Meza ya jirani walikuwa wageni kutoka Dar, mara yao ya kwanza. Mwanaume akaonja ile nyekundu ya moto, akaisukuma, akamwambia mwenzake, "Kumbe mvinyo wa Dodoma ndio huu." Mkulima wa Mpunguzi au Hombolo amepogoa, amepiga dawa, amelinda ndege, kiwanda kimenunua mchuzi wa zabibu na kuutunza, halafu jina linachafuliwa na mtu aliyeshindwa kunyoosha mkono hadi kwenye ndoo.

Kisha nikaiona rafu ya chupa za kuuza. Imeelekea dirisha la magharibi, chupa zimesimama wima, jua la alasiri linazipiga. Nilishika mbili. Moja kizibo kimeinuka juu ya mdomo wa chupa, nyingine ina mstari wa kunata chini ya kofia. Hizo ni dalili za mvinyo uliopata moto: umetanuka, ukasukuma kizibo, ukavuja, na hewa ikapata njia. Ukiifungua utakuta ukingo wa rangi umegeuka kahawia, na harufu ni ya jamu iliyopikwa. Hata ukiuweka kwenye barafu siku nzima haurudi.

Kwa hiyo lile neno la "waende" nalipunguza. Nendeni mkanywe Chenin Blanc, ifunguliwe mbele yenu. Mwekundu mkitaka, ombeni ndoo kabla ya kulipa, na wakikataa ondokeni. Chupa ya kwenda nayo nyumbani msinunue kwenye rafu ile hata wakiitoa kwa nusu bei.