The Hazards of Love: sikiliza yote, kwa mpangilio wake

Mtu akiniambia amesikiliza nyimbo mbili tatu za The Hazards of Love na hazikumgusa, simshangai. Albamu hii ya The Decemberists, bendi ya Portland, Oregon, ilitoka Machi 2009 na ina nyimbo 17, lakini usihadaike na hesabu hiyo. Colin Meloy, mtunzi na mwimbaji wao, katunga utenzi mmoja wa karibu saa nzima, wenye wahusika, mapenzi, uchawi, mauaji na kisasi. Ukichomoa wimbo mmoja ukauweka katikati ya nyimbo za watu wengine, umechukua beti chache za hadithi ambayo hujui ilianzia wapi.

Kwa hiyo, kabla ya yote, zima ule mpangilio wa simu unaochanganya nyimbo, na hakikisha programu unayotumia haiweki kimya kati ya wimbo na wimbo. Albamu inafunguliwa na kinanda kinachopanda taratibu mno kwa dakika kama tatu. Mwanzoni utadhani spika imeharibika. Kisha kinanda kinashuka, na gitaa la Meloy linaingia humo humo kuanza kisa. Kimya kidogo tu kikipita hapo, mlango umeshafungwa usoni mwako.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti aitwaye Margaret anamkuta mtoto wa paa aliyejeruhiwa msituni. Anapomhudumia, yule mnyama anageuka kuwa kijana, William. Wanapendana, Margaret anashika mimba, anaingia tena msituni kumtafuta. Lakini William ana mama, Malkia wa msitu, aliyemwokota akiwa mchanga na hataki kumwachia. William anamwomba usiku mmoja tu wa uhuru. Wakati huo huo anatokea fasiki mmoja anayemteka Margaret na kumvusha mto, tena kwa msaada wa Malkia huyo huyo. Ya mbele nitayagusa, maana siwezi kuisifu albamu hii bila kuutaja mwisho wake.

Mbegu ilitoka kwa Anne Briggs, mwimbaji wa Uingereza wa nyimbo za jadi, aliyetoa santuri fupi yenye jina hilo hilo, The Hazards of Love, mwaka 1964. Ndani ya santuri ile hakuna wimbo wowote unaoitwa hivyo, basi Meloy akaamua kuutunga mwenyewe, na ukamzalia albamu nzima. Asili hiyo inasikika. Mambo ya nyimbo za kale yamejaa humu: wapenzi wanaogeuka maumbo, mito inayosikia maombi, wafu wanaorudi kudai haki zao.

Ninachokipenda kuliko vyote ni jinsi muziki unavyokuonyesha nani ni nani, hata kama Kiingereza cha kizamani cha Meloy kinakupiga chenga (na kitakupiga, anapenda maneno yaliyolala makabatini). Wapenzi wamepewa gitaa la mbao, kodiani na nyuzi laini. Waovu wamepewa roki nzito. Margaret anaimbwa na Becky Stark wa bendi ya Lavender Diamond, mwenye sauti nyembamba na safi. Malkia ni Shara Worden wa bendi ya My Brightest Diamond, na huyo ndiye aliyenifanya nisimame katikati ya chumba.

Usikilize The Wanting Comes in Waves/Repaid kwa spika nzuri. William anaanza kwa kumsihi mama yake, muziki unapanda, kiitikio kinafunguka kikubwa kikiwa na sauti nyingi. Ghafla kila kitu kinabadilika: gitaa la umeme linaanza kukwaruza polepole, zito kabisa, na Worden anaingia na hesabu ya wema wote aliomtendea mtoto huyu. Haombi, anadai deni. Kila mstari anausukuma kutoka kifuani, na unajua papo hapo kwamba kijana hana ubavu wa kubishana naye. William anaomba tena, Malkia anajibu tena, na mkataba unafungwa. Mzozo wa mama na mwana wote, ndani ya wimbo mmoja.

Halafu kuna The Rake's Song. Yule fasiki anasimulia maisha yake: alioa kijana, watoto wakafuatana, wa nne akafa wakati wa kuzaliwa na kuondoka na mama yake. Yeye akaona watoto watatu waliobaki ni mzigo, akawaua mmoja mmoja. Anaeleza alivyofanya kwa kila mmoja, kwa jina. Ngoma zinapigwa kwa nguvu za kutisha, na sauti zinaitikia kwa furaha kila anapotua. Ukisikiliza wimbo huu peke yake utatikisa kichwa na kuendelea na kazi. Ukisikiliza ukiwa unajua kwamba Margaret mjamzito yuko njiani kuangukia mikononi mwa mtu huyu, utaacha kutikisa kichwa.

Na watoto wale wanarudi. Katika The Hazards of Love 3, Charlotte, Dawn na Isaiah wanamwimbia baba yao kwa sauti za kitoto, kinanda cha kizamani cha nyuzi kikilia nyuma yao kwa namna isiyokaa sawa. Kwangu hapa ndipo Meloy alipofika mbali kuliko pengine popote. Wale waliotajwa harakaharaka katika wimbo wa muuaji sasa wana sauti zao wenyewe.

Kasoro zipo. Meloy ameimba William na ameimba fasiki pia, kwa sauti ile ile ya puani, na mara ya kwanza utachanganyikiwa nani anaongea. Alipata waimbaji wa kike wazuri namna ile. Angetafuta mwanamume mwingine. Kingine kinachoniuma ni Margaret. Anaanza kwa ujasiri, anaingia msituni peke yake, lakini tangu atekwe kazi yake ni kuita William aje. Sauti ya Becky Stark ilistahili zaidi ya hapo. An Interlude, kipande kifupi kisicho na uimbaji, nacho kinapita tu.

Ila wimbo wa Annan Water unafidia mengi. William amefika ukingoni, mto umefurika, anauambia: nivushe nikamwokoe, nikirudi unichukue. Magitaa yanakimbia, yanakoma, sauti inabaki na kinanda, kisha mbio zinaanza tena. Mto unakubali, na deni hilo linalipwa katika wimbo wa mwisho, wapenzi wakila kiapo cha ndoa huku chombo chao kikizama. Hakuna muujiza wa kuwaokoa, na naushukuru uamuzi huo. Muujiza ungeufanya ule mkataba na mto kuwa mchezo.

Kama uliwajua The Decemberists kupitia The King Is Dead ya mwaka 2011, yenye nyimbo fupi na nyepesi, jiandae: hii ni nzito zaidi na haina haraka. Tenga saa moja, weka maneno ya nyimbo karibu kwa mara ya pili, si ya kwanza, na ongeza sauti kabla Malkia hajaanza kuongea.