Find a Tender: nzuri kwa jumla, kipofu kwa rejareja

Alama 3 kati ya 5. Mwenye makao ya wazee England anayetaka mkataba wa halmashauri hawezi kuikwepa tovuti hii ya serikali: tangu tarehe 24 Februari 2025, Sheria ya Manunuzi ya 2023 ilipoanza kutumika, zabuni mpya hutangazwa humo. Kujisajili ni bure.

Unajaza taarifa za kampuni, wenye hisa na hesabu mara moja tu, kisha unapewa msimbo wa kuwapelekea wanunuzi. Hapo ndipo wengi huteleza. Msimbo hubeba taarifa kama zilivyokuwa siku ulipotolewa. Umebadilisha mkurugenzi? Toa msimbo mpya, la sivyo halmashauri itasoma jina la zamani.

Katika kutafuta, usitegemee neno "wazee". Tumia namba za aina za huduma: 85311100 (ustawi wa wazee) na 85144100 (makao ya uuguzi), uongeze na 85000000 (afya na huduma za jamii kwa jumla), kwa sababu maofisa wavivu huishia kwenye kundi kubwa. Tangazo la kuwinda ni UK2, halmashauri inapopima soko: hapo bado unaweza kuhoji bei na idadi ya vitanda. Likifika UK4, tangazo la zabuni yenyewe, masharti yameshapikwa.

Kasoro inayoudhi ni kwamba nyaraka zenyewe mara nyingi ziko kwenye tovuti nyingine ya halmashauri, yenye usajili wake. Anayeanza kupakia dakika kumi kabla ya muda kwisha anajitafutia balaa. Na kabla ya kuandika bei, tafuta kifungu cha kuipandisha kila mwaka. Kima cha chini cha mshahara hubadilika kila Aprili, na mkataba wa miaka minne usio na kifungu hicho utakula faida yote.

Ila usidhani tovuti itakujazia vitanda. Inaonyesha ununuzi wa jumla. Mzee mmoja anayetoka hospitalini leo hatangazwi humo: dawati la halmashauri linalotafuta nafasi humpigia mwenye makao, na Sheria ya Matunzo ya 2014 inampa mzee haki ya kuchagua makao yake. Dawati hilo huangalia daraja la CQC, mkaguzi wa huduma za matunzo England, na nani ana chumba. Kwa hiyo wape taarifa za vyumba vilivyo wazi kila wiki, hata kama hujashinda zabuni yoyote.