Mfumo endeshi gani kwa seva ya Odoo, ERPNext au Dolibarr? Mpangilio wangu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho

Anayetafuta seva ya programu huria ya biashara kama Odoo, ERPNext au Dolibarr, ile inayobeba mauzo, stoo, mishahara na hesabu kwa pamoja, huanza kwa kuuliza mfumo endeshi upi ni bora. Ningemrudisha hatua moja nyuma. Amua kwanza ni programu gani na toleo lipi, kisha usome mahitaji yake. Ukishafanya hivyo, orodha ya mifumo endeshi hupungua yenyewe.

Odoo imeandikwa kwa lugha ya Python na data yake hukaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL tu, MySQL haiingii. Toleo la 17 halikubali Python iliyo chini ya 3.10. ERPNext nayo ni ya Python, lakini kwa kawaida hukaa juu ya hifadhidata ya MariaDB na huhitaji programu saidizi za Redis na Node.js kando yake. Dolibarr ni ya lugha ya PHP, haina makuu, na hupokea MariaDB, MySQL au PostgreSQL. Sasa, kila toleo la mfumo endeshi wa seva huja na Python yake, PHP yake na hifadhidata yake, na hayo hubaki karibu vilevile hadi mwisho wa maisha ya toleo hilo. Yakipatana na programu yako, usakinishaji hauna shida. Yasipopatana, utajenga Python yako mwenyewe kutoka kwenye msimbo, na tangu siku hiyo viraka vyake vya usalama, yaani marekebisho ya kasoro zake, vitakuwa juu yako.

Kwa hiyo napima kwa mambo matatu: matoleo yanapatana kiasi gani, viraka vitakuja kwa miaka mingapi, na ni watu wangapi wengine wanaendesha programu ileile juu ya mfumo uleule. Hilo la tatu hudharauliwa, lakini ndilo litakalokuokoa usiku ambao ankara hazitoki.

1. Ubuntu Server LTS

Kwa Odoo na ERPNext, hii ndiyo ya kwanza kwangu. Toleo la LTS, yaani lenye msaada wa muda mrefu, hutoka Aprili, kila baada ya miaka miwili, na hupata viraka kwa miaka 5. Ubuntu 22.04 ina Python 3.10 na PostgreSQL 14, 24.04 ina Python 3.12 na PostgreSQL 16. Odoo 17 hutulia vizuri juu ya 22.04, ila miaka 5 ya toleo hilo inaisha 2027, kwa hiyo anayeanza upya na Odoo 18 achukue 24.04.

Usikimbilie LTS mpya wiki ileile inapotoka. Ubuntu yenyewe haiwaletei watumiaji wa LTS iliyotangulia mwaliko wa kuhamia mpaka toleo la kwanza la marekebisho, lile la .1, liwe tayari. Wewe subiri zaidi ya hapo: subiri mpaka watengenezaji wa programu yako waandike kwamba wanaliunga mkono. Na yale matoleo ya katikati yasiyo LTS, yenye uhai wa miezi 9, hayafai kabisa kwa mashine inayoshika hesabu za biashara.

Jambo ambalo wengi hawalioni: ile miaka 5 ni ahadi kamili kwa vifurushi vya kundi kuu tu. Maktaba nyingi ambazo programu hizi huzitegemea ziko kwenye kundi linalotunzwa na jamii ya watumiaji. Usajili wa Ubuntu Pro hufikisha viraka huko pia na kurefusha maisha ya mfumo hadi miaka 10. Ni bure kwa mashine zisizozidi 5, kwa hiyo mwenye seva moja au mbili hana sababu ya kuuacha.

2. Debian

Pengo kati yake na Ubuntu ni jembamba sana. Kwa Dolibarr ningeibadilisha nafasi na kuiweka ya kwanza: ni nyepesi, imetulia, wala haina kampuni moja inayoweza kuamka na kubadili masharti. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na Python 3.11 na PostgreSQL 15. Debian 13 ilifuata Agosti 2025 na Python 3.13 na PostgreSQL 17, na hapo Python imeenda mbele kiasi cha kukutaka uhakikishe kwanza kama toleo lako la Odoo limeifikia. Muda wa viraka ni miaka 3 ya kawaida, kisha 2 ya LTS.

Kuanzia Debian 12, na vilevile kwenye Ubuntu 24.04, mfumo huizuia pip, chombo cha kusakinisha maktaba za Python, isiweke maktaba ndani ya Python ya mfumo. Usiulazimishe. Tengeneza mazingira pepe ya Python kwa ajili ya programu yako na uweke kila kitu humo. Siku ya kusasisha mfumo utaona faida yake.

3. AlmaLinux na Rocky Linux

Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, mfumo wa bure uliofuata Red Hat Enterprise Linux yake ya kulipia, ingefungwa mwisho wa 2021, na waliokuwa wameijengea seva zao wakiamini wana miaka mingi mbele wakabaki bila pa kusimama. AlmaLinux na Rocky zilizaliwa 2021 kuziba pengo hilo. Sifa yao kubwa ni umri: kila toleo kuu hutunzwa kwa takriban miaka 10. Hata hivyo toleo la 9 huja na Python 3.9 kama ya kawaida, kwa hiyo itabidi uongeze 3.11 au 3.12 pembeni. SELinux, kinga inayobana kila programu iguse ilichoruhusiwa tu, nayo imewashwa tangu mwanzo. Ni kinga nzuri na naiheshimu, ila mgeni huzima kinga nzima badala ya kuandika ruhusa moja. Zichague kama timu yako tayari inaishi upande huu. Kama unahitaji mkataba wa msaada, nunua Red Hat Enterprise Linux yenyewe.

4. Windows Server

Dolibarr huenda vizuri hapa. ERPNext haiendi moja kwa moja. Odoo ina kisakinishi, lakini hali ya kugawa kazi kwa michakato mingi haipo kwenye Windows, na mchakato mmoja wa Python hutumia kiini kimoja cha prosesa kwa wakati. Utalipia leseni inayohesabiwa kwa viini, kuanzia 16 kwa seva, pamoja na leseni za watumiaji, halafu viini vingi vikae bure watu wakisubiri ukurasa ufunguke. Kwa majaribio, sawa. Kwa kazi ya kila siku, hapana.

Mambo mawili ya kukagua kabla ya kulipa

La kwanza ni uchapishaji wa ankara. Odoo kwa miaka mingi imetegemea wkhtmltopdf, programu inayogeuza kurasa kuwa PDF, tena ile iliyojengwa na maktaba ya Qt iliyorekebishwa. Ya kwenye hazina za Debian na Ubuntu haina marekebisho hayo, na ankara hutoka bila kichwa wala kijachini. Mradi huo ulifungwa 2023; vifurushi vyake vya mwisho vilitengenezwa kwa mifumo kama Debian 12, Ubuntu 22.04 na AlmaLinux 9. Ukichukua mfumo mpya zaidi, chapisha ankara ya kurasa mbili kabla hujaingiza data yoyote.

La pili ni njia ya kuhama toleo hili la mfumo likiisha. PostgreSQL mara nyingi hupanga maneno kwa kufuata glibc, maktaba ya msingi ya mfumo. Mpangilio wa glibc ulibadilika sana kwenye 2.28, iliyoingia Debian 10 mwaka 2019, na faharasa (orodha ambazo hifadhidata huzitumia kutafuta haraka) zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani zikawa si za kuaminika: mteja yupo, lakini utafutaji haumwoni. Dawa ni kuzijenga faharasa upya kwa amri ya REINDEX. Mimi napendelea kukodi seva mpya yenye mfumo mpya, kutoa data yote kwa pg_dump, chombo cha PostgreSQL cha kunakili data, kuirudisha kule, kuijaribu, ndipo watumiaji wahamishwe. Basi chagua mtoa huduma anayekuruhusu kuwa na seva mbili kwa siku chache bila kukufunga kwa mkataba wa mwaka.

Anayetumia Docker, inayofunga programu na mahitaji yake ndani ya kontena moja, atapunguza uzito wa uchaguzi huu, kwa sababu Python na maktaba zake hukaa humo. Kwake Debian tupu inatosha. Ila folda za hifadhidata na za viambatisho ziwekwe nje ya kontena, na nakala rudufu zichukuliwe zote mbili kwa pamoja: hifadhidata ya Odoo ikirudishwa bila folda yake ya mafaili, risiti na hati zote zilizoambatishwa hazitafunguka.