Dawa ya vumbi la breki inayogeuka zambarau: uzoefu wangu

Mwenye rimu za aloi za rangi ya fedha anaijua adha yake. Unaosha gari, siku chache za foleni zinapita, na rimu za mbele zimeshapiga weusi huku za nyuma bado zinatazamika. Ukikanyaga breki uzito wa gari unalalia mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi, na ndizo zinazosagika zaidi.

Shampuu ya gari ilikuwa inanitolea uchafu wa juu tu. Vidoadoa vya rangi ya kutu vilibaki kwenye kona za spoki na kuzunguka matundu ya nati, usugue usisugue. Vumbi hili si udongo. Ni chembe za pedi (vipande vinavyobana diski ukikanyaga breki) pamoja na chembe za chuma cha diski yenyewe, inayozunguka na gurudumu, zinaruka zikiwa za moto, zinang'ang'ania rangi ya rimu, kisha zikipata unyevu zinashika kutu hapohapo zilipo. Ndiyo sababu nikanunua dawa ya kupuliza inayoyeyusha chuma.

Na inafanya kazi. Unapuliza kitu kisicho na rangi, baada ya muda mfupi michirizi ya zambarau inaanza kuteremka, utadhani rimu inavuja damu iliyovilia. Ni kemikali ya jamii ya thaioglikoleti, inakamata chuma na kukigeuza kitu kinachoondoka na maji. Rangi ikiwa hafifu, ujue chuma kilichobaki ni kidogo. Vile vidoa vya kwenye kona vilitoka bila kukwangua. Lami na grisi haikuzigusa kabisa, hizo zina dawa yake.

Sasa harufu. Kemikali za ukoo huohuo hutumika saluni kwenye dawa za kukunja nywele, na zina salfa. Hii yangu imetiwa marashi, marashi yakashindwa. Fanyia nje, vaa glavu.

Rimu lazima ziwe za baridi na gari liwe kivulini, maana dawa ikikaukia kwenye rimu moto inaacha madoa mapya. Mimi huanza na rimu kabla ya bodi, ili matone yanayorukia milango yaondoke bodi inapooshwa, na rimu zina ndoo na brashi zake peke yake: chembe za chuma zikiingia kwenye sponji ya bodi, zinachora rangi ya gari. Nasuuza kwanza, napuliza, nasubiri muda ulioandikwa kwenye chupa, napitisha brashi laini hadi nyuma ya spoki, nasuuza tena kwa maji mengi. Nikimaliza, naendesha taratibu kidogo nikigusa breki ili diski zikauke.

Tatizo langu kubwa ni kwamba inaisha upesi. Rimu nne zenye spoki nyingi zinakunywa chupa kweli, ukiifanya ndiyo sabuni ya kila wiki utafilisika. Lakini sioni haja hiyo. Baada ya kuzisafisha vizuri nilizipaka dawa ya kinga ya seramiki iliyotengenezwa kwa ajili ya rimu (nta ya kawaida haivumilii joto la breki), na tangu hapo vumbi linatua lakini halishiki, shampuu na maji vinatosha. Zambarau nairudia pale tu vidoa vinapoanza kujionyesha.

Nafuu kubwa zaidi haikutoka kwenye chupa. Pedi zilipoisha nilimwambia fundi afunge za seramiki zinazolingana na gari hili, badala ya zile zenye chuma kingi. Vumbi limepungua, na linalobaki ni la kijivu chepesi, halionekani sana kwenye rimu.

Dawa za asidi nimezikataa, hata zinazosifiwa kwa kasi yake. Zenye asidi ya haidrofloriki zinadhuru mwili vibaya, na alumini isiyo na vanishi zinaila. Zile sahani zinazofungwa nyuma ya rimu kuzuia vumbi nazo sizitaki, kwa sababu zinaziba upepo unaopoza breki.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya harufu, na kichwa cha kupulizia kinachovuja mkononi.