Paka mgeni: kumtenga chumbani au kuwakutanisha siku hiyohiyo

Mtoto wa paka anapoletwa katika nyumba yenye paka mkubwa, watu wengi huwaweka wawili hao sebuleni na kuwaacha wazoeane wenyewe. Njia hii haihitaji chumba cha ziada, na huweza kufaulu ikiwa paka mwenyeji ni mpole na bado kijana. Hata hivyo, paka hutegemea sana harufu kumtambua mwenzake, hivyo mgeni asiye na harufu ya nyumba huonekana mvamizi, na ugomvi wa saa ya kwanza unaweza kuacha uhasama wa miezi.

Njia ya pili ni kumweka mtoto katika chumba chake kwa wiki 1 au 2, akiwa na chakula, maji na sanduku lake la mchanga, huku mwenye nyumba akimpangusa mashavu kwa kitambaa na kukiweka karibu na bakuli la mwenyeji. Paka wangu mzee alikinusa kitambaa hicho, akafoka, akaondoka. Siku ya nne nilimkuta amekilalia. Baadaye walishwe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, kisha waonane kwa dakika chache kila siku. Kumtenga mtoto pia kunampa daktari wa mifugo nafasi ya kumchunguza na kumchanja kabla hajagusana na mwenzake.

Mimi nachagua chumba, hata kikiwa stoo tu, hasa mwenyeji anapokuwa na umri wa zaidi ya miaka 10, kwa maana mzee huyo hastahili kufukuzwa penye mto wake wa kulalia.